Barua ya Pili ya Ploti 27

Sogea karibu unisikilize, wewe uliyeachiwa ile seva ya barua pepe. Nitakueleza polepole, kama nilivyozoea kuwaeleza watu kazini. Ukifika mahali usipoelewa, usijilaumu. Rudi nyuma aya moja usome tena. Mimi mwenyewe yalinichukua miaka kuelewa baadhi ya mambo haya, na moja nililielewa nikiwa nimechelewa sana.

Niliingia kiwandani nikitoka chuo cha Sigalagala, nilikosomea umeme na redio. Sitakitaja jina kiwanda chetu. Waliofanya kazi pale wanakijua, na wengine hawana haja nalo. Ilikuwa miaka ya neema ya sukari. Trekta zilipanga foleni kutoka langoni hadi barabara kuu, na watoto wa shule walizifuata wakichomoa miwa kwenye trela. Kila mwenye shamba kutoka Kabras hadi Navakholo alikuwa ameng'oa mahindi akapanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Ukitaka kupanda sukuma wiki, ulitafuta nafasi kando ya choo.

Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Bwana Andayi, mkuu wa chumba cha redio, alinipa kitambaa akaniambia nifute vumbi. Vumbi letu lilikuwa la makapi ya miwa, jepesi kama unga, na liliingia hata kwenye saa ya mkononi. Nilifuta wiki mbili nikidhani ananidharau. Wiki ya tatu waya mmoja ulikatika, nami nikajua unakotoka na unakokwenda bila kufungua mchoro wowote, kwa sababu nilikuwa nimeufuta kila siku. Bwana Andayi hakunisifu. Alinipa bisibisi, basi.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kupeleka maagizo kwa ofisi za mashambani. Bwana Andayi alisema kila agizo mara mbili redioni, na aliyepokea alilazimika kulirudia neno kwa neno. Ndipo aliandika daftarini kwamba limefika, na saa yake. Asiporudia, Bwana Andayi alihesabu kwamba hakuna kilichotumwa. Wakati mwingine ilichukua robo saa kumwambia mtu apeleke trekta mbili. Sisi vijana tulimcheka.

Kisha barua pepe ikaja, na chumba cha redio kikafungwa. Seva niliyopewa niitunze iliwekwa katika kilichokuwa stoo ya magamboti, na mpaka siku niliyostaafu chumba kilinuka mpira. Ofisi sita za mashambani zilipata kompyuta moja kila moja, na modemu iliyotumia laini ya simu. Kila nusu saa kompyuta ya shambani ilipiga simu kwa seva yangu, ikaacha barua ilizonazo na kuchukua zilizoletwa kwa ajili yake. Makarani walizipenda kompyuta hizo wakazifunika vitambaa vya kufuma kwa mkono, juu, nyuma na pembeni, hata zikiwa zinafanya kazi. Zikapata joto na kujizima. Nilizunguka ofisi zote nikieleza kwamba kompyuta inahitaji kupumua. Upande wa Navakholo mama mmoja karani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Fundi, hata mimi nasikia joto hapa tangu asubuhi, na sijajizima."

Aliyeandika barua nyingi kuliko wote alikuwa Jentrix Ayuma, karani wa ofisi ya uvunaji hapo makao makuu. Yeye ndiye aliyetuma amri: ploti gani ikatwe, gani iachwe, gani ichomwe kwanza. Labda hujawahi kuona miwa ikichomwa, kwa hiyo nieleze. Kabla ya kukata ploti kubwa, huwashwa moto unaoteketeza majani makavu na kufukuza nyoka; mashina hubaki na wakataji huingia wakiwa na nafasi. Moto huo hukimbia. Ni dakika chache tu, na mlio wake ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kwa sababu hiyo kulikuwa na sheria kwamba hakuna msimamizi wa kuwasha bila amri iliyochapishwa kwenye karatasi, akiwa nayo mkononi. Ilikuwa sheria nzuri. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza, lakini kwenye mabonde ya huko mtandao haukushika.

Sasa tuje kwenye barua pacha, ambazo wewe pia utakutana nazo. Mvua ikinyesha, laini za simu zilikatika ovyo. Fikiria tarishi amekukabidhi barua, lakini kabla hujamwambia "nimepokea," mlango unafungwa kwa upepo. Yeye hajui kama umeipokea. Kwa hiyo anarudi na barua ileile. Kompyuta hufanya hivyohivyo, tena haichoki, na ofisi ya shambani hujikuta na amri moja mara mbili, tatu, hata tano. Makarani walizipa majina ambayo watu wetu huwapa mapacha. Ya kwanza waliiita Mukhwana, ya pili Mulongo, na ya tatu wakasema ni mgeni wa Mulongo.

Kicheko kiliisha siku makundi mawili ya wakataji yalipofika kwenye ploti moja ya Navakholo, kila moja na karatasi yake, kila moja likiapa kwamba kazi ni yake. Wanaume wenye mapanga mikononi wakaanza kusukumana. Mmoja alikatwa mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake havikukunjika tena vizuri. Meneja wa kilimo aliniita ofisini kwake akaniambia hataki kuona barua pacha tena katika maisha yake.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza bado ningelifanya leo. Kila barua pepe hubeba juu yake nambari ya utambulisho, ambayo msomaji haioni lakini kompyuta inaiona. Barua ikirudiwa kwa sababu laini imekatika, nambari hubaki ileile. Nikaiambia seva iweke orodha ya nambari ilizopokea, na ikiona nambari iliyokwisha kupita, isiifikishe tena. Pacha wengi wakaisha wiki hiyohiyo.

Lakini walibaki wachache. Karani akiona barua yake imekwama, aliiandika na kuituma tena mwenyewe. Hiyo kwa kompyuta ni barua mpya, yenye nambari mpya. Ili kuwaondoa hao nikaongeza kanuni ya pili: barua ikitoka kwa mtu yuleyule, kwenda ofisi ileile, yenye kichwa kilekile, ndani ya saa mbili, itupwe. Sikuiambia seva isome maneno ya ndani. Sikuiambia imjulishe mtu yeyote. Niliijaribu kanuni hiyo siku tano kwa barua nilizotunga mwenyewe, na mimi ni mtu wa kuandika kila barua upya, na kichwa chake. Ikafanya kazi bila kasoro. Meneja akanishika mkono.

Ambacho sikufanya ni kwenda kuketi kando ya Jentrix nione yeye anaandikaje.

Jentrix alijifunza kazi kwenye taipureta na fomu. Fomu ina kichwa kilichochapishwa tayari. Wewe unajaza pengo. Alipopewa kompyuta alifanya vilevile. Alihifadhi barua ya ploti katika faili, na kila kilipobadilika kitu aliifungua, akafuta maneno mawili matatu, akaandika mapya, akatuma. Kichwa hakukigusa. Makarani wote walifanya hivyo, na haikuwa uvivu. Ilizuia kukosea namba ya ploti, kosa ambalo hapo awali lilikuwa limemvunia mtu miwa michanga. Ungewauliza, wangekuambia fomu ndiyo ileile, habari ndiyo mpya.

Asubuhi moja ya kiangazi Jentrix alituma upande wa Kabras barua yenye kichwa "Amri ya kuchoma, ploti 27." Haikupita saa moja, mtu wa idara ya mbegu akafika ofisini kwake. Alisema wanawake sita wamepelekwa upande wa chini wa ploti hiyo, karibu na mto, wakate miwa ya mbegu kabla ya moto, na kwamba ameshawaambia leo hapachomwi. Jentrix akafungua barua, akafuta agizo, akaandika kwamba wasichome, kuna watu upande wa mto, wangoje mpaka kesho. Akatuma. Kompyuta ikamwambia imetumwa. Na kweli ilikuwa imetumwa. Seva yangu iliipokea, ikatazama mtumaji, ofisi, kichwa na saa, ikaitupa.

Msimamizi wa Kabras, Wafula, hakuwa mtu wa pupa. Alikuwa na karatasi ya kwanza mkononi, lakini alingoja upepo utulie, na alipokuwa akingoja alirudi ofisini kuuliza kama kuna neno jipya. Karani wake akapiga simu kwa seva mbele ya macho yake. Hakukuwa na barua. Wafula akarudi, vijana wake wakapuliza filimbi kuzunguka ploti kama ilivyo desturi, wakawasha. Wanawake waliisikia filimbi ile. Kwa kuwa walikuwa wameambiwa yao haichomwi, walidhani ni ya ploti ya jirani, wakaendelea kukata.

Watano walitoka kupitia mtoni. Joyce Nafuna, kiongozi wao, alikuwa amebaki nyuma kuhakikisha kila mtu ameanza kukimbia. Alipatikana mita chache kutoka kwenye maji. Alikuwa mkazi wa Malava, mama wa watoto watatu. Nilikuwa nimewahi kumwona mara moja tu, langoni, akibishana na askari aliyetaka kukagua kapu lake la chakula. Askari ndiye aliyeshindwa.

Mchana huo Wafula aliweka karatasi yake mezani. Jentrix akasema alituma barua ya pili. Ofisi ya Kabras ikasema haikupokea barua ya pili, na hilo nalo lilikuwa kweli. Kompyuta ya Jentrix haikuwa na nakala ya barua zilizotumwa, kwa sababu mimi ndiye niliyezima utunzaji wa nakala ili kuokoa nafasi. Ile faili aliyohifadhi ilikuwa na maneno ya kusimamisha moto, lakini wakasema angeweza kuyaandika baada ya kusikia habari. Wakamsimamisha kazi. Polisi wakachukua maelezo yake mara mbili, na mara ya pili walimwambia asitoke Kakamega.

Alikuja kwangu kesho yake, kwenye stoo ile ya magamboti. Hakuketi.

"Shiundu, mashine ni yako," alisema. "Niambie tu. Niliituma ama sikuituma?"

Nikamwambia natafuta.

Nieleze sasa kitu kinachoitwa logi, maana wewe unayo na nadhani huifungui. Ni faili ambamo seva huandika kila inachofanya, mstari kwa mstari, na saa. Nilikuwa nimeifungua jioni ileile ya moto. Nilikuwa nimeuona mstari: jina la Jentrix, ofisi ya Kabras, kichwa cha ploti 27, saa, na neno moja mwishoni, "nakala," alama ya barua iliyotupwa. Kwa hiyo nilipomwambia natafuta, nilikuwa nimekwisha kupata. Na nilijua jambo jingine. Logi ilihifadhi siku saba tu, kisha ilijiandika upya juu ya ya zamani. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyepanga siku hizo. Sikuhitaji kufuta chochote wala kumdanganya askari yeyote. Nilihitaji tu kuendelea kutafuta.

Siku ya pili nilitafuta. Siku ya tatu na ya nne pia. Nilikuwa na mke na watoto, nilijiambia. Nilijiambia pia kwamba moto haukuwashwa na seva. Huko Malava watu walikuwa wakisema kuna karani aliyekuwa akinywa chai huku mtu akiungua. Siku ya tano nilimwona Jentrix sokoni, akina mama wawili wakahama kutoka kando yake wakaenda kununua nyanya kwingine. Nikapita njia nyingine.

Siku ya sita asubuhi Bwana Andayi aliingia. Tangu redio zifungwe alikuwa amepewa kutunza betri za magari, akingoja kustaafu. Alitazama seva kwa muda kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani.

"Hiyo kitu," aliniuliza, "huandikanga yale inakataa?"

"Huandika, mzee. Baada ya siku saba hujifuta."

"Umesoma?"

Nilianza kufuta vumbi juu ya seva. Alivuta kasha la magamboti lililosahauliwa pale akalikalia. Hakupandisha sauti. Aliniambia amemhifadhi Jentrix nyumbani kwake tangu juzi, kwa kuwa watu wanapita kwa Jentrix wakitukana, na kwamba hali chakula. Mke wa mzee amempikia obusuma, ugali wetu, na kuku, na sahani imerudi jinsi ilivyokwenda. Kisha akasema, "Chapisha hiyo karatasi, kijana. Ukingoja ijifute, utakuwa umechoma mama wa pili. Na huyo utamchoma ukijua yuko ndani."

Nilichapisha. Ile printa yetu ilipiga kelele kama cherehani mbovu, na mstari mmoja ukachukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Bwana Andayi akanisindikiza hadi ukumbi wa kiwanda, ambako wakuu wa kiwanda na jamaa za marehemu walikuwa wakisikiliza shauri la moto ule. Sijui kama ni kunitia moyo au kuhakikisha sipotei njiani.

Niliusoma mstari, nikasema na jioni niliyouona kwa mara ya kwanza. Kisha nikaeleza, polepole, kama ninavyokueleza wewe: nambari ya utambulisho, kichwa cha barua, saa mbili, na kwa nini niliitupa. Nilieleza vizuri. Ni kipaji changu, na siku hiyo nilikichukia. Nilipomaliza, mume wa Joyce Nafuna aliinua mkono, kama mwanafunzi. Alikuwa mkataji pia, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Aliuliza swali moja.

"Hiyo mashine ilipotupa barua, ilimwambia nani?"

Nikamwambia haikumwambia mtu.

Akatikisa kichwa, akaketi.

Jentrix alisafishwa jina siku hiyo na kuambiwa arudi kazini Jumatatu. Hakurudi. Nilikwenda kwa Bwana Andayi kumwomba Jentrix msamaha, nikamkuta akikunja nguo zake. Nikaanza kueleza ile kanuni ya pili, jinsi nilivyoijaribu, jinsi nisivyojua wanavyoandika. Akanikatiza.

"Hiyo ya mashine nimekusamehe," alisema. "Hukujua. Lakini nilikuuliza ukiwa umeshajua, ukaniangalia machoni ukasema unatafuta."

Alihamia Lugari kwa dada yake wakalima mahindi. Tulikutana mara chache baadaye, kwenye matanga. Alinisalimu kwa mkono, akaniuliza habari za watoto, akaendelea na safari yake. Mimi sikufukuzwa. Hakukuwa na mwingine aliyejua kuwasha ile seva, na kiwanda kilikuwa na miwa ya kusaga. Nilikaa nayo mpaka nywele zikawa nyeupe, na neema yenyewe ya sukari ikaisha mbele ya macho yangu. Trekta zikapungua, ofisi za shambani zikafungwa moja baada ya nyingine, na mahindi yakarudi mlangoni.

Niliiondoa kanuni ya pili jioni ileile ya ukumbini. Nilibakiza ya nambari ya utambulisho peke yake. Nikairefusha logi kutoka siku saba hadi mwaka mzima, nafasi ikipatikana ama isipatikane. Kila mwezi nilichagua ofisi moja nikaketi siku nzima kando ya karani, bila kugusa kitu, nikitazama tu anavyoandika. Usione haya kufanya hivyo. Watakucheka siku ya kwanza, siku ya pili watakuletea chai, na siku ya tatu watakuonyesha mambo ambayo hakuna kitabu cha seva kitakachokuambia.

Najua mashine unayotunza sasa ni ya kisasa, ina vichujio ambavyo hata sikuviota, na vingi vilikuja tayari vimepangwa na watu ambao hawajawahi kuona ploti ya miwa. Hilo lisikuogopeshe. Kazi ni ileile, na unaiweza. Ila huenda siku moja ukaulizwa jambo ambalo tayari unalijua. Mimi niliulizwa, na nilikuwa na siku saba.

Kwa hiyo fanya hivi kesho asubuhi, kabla hujagusa kazi nyingine. Fungua kanuni za seva, tafuta kila mahali inapoambiwa itupe barua, na ubadilishe iiweke kando na kumjulisha aliyeituma. Kisha fungua hizo zilizowekwa kando, usome moja moja mpaka ya mwisho, na ukikuta ambayo haikupaswa kuzuiwa, inua simu umpigie aliyeandikiwa saa hiyohiyo.